Mto Wenye Tundu

Mto wa kwanza nilimshonea kaka yangu kwa majigambo. Mimi ni fundi wa viti. Karakana yangu iko Karatu, jirani na magereji, na kazi yangu kubwa ni viti vya magari ya wageni, yale marefu yenye paa la kunyanyua, yanayopanda Ngorongoro asubuhi na kurudi jioni yakiwa mekundu kwa vumbi. Kiti kikichanika, sponji ikilala, leza, ile ngozi ya viti, ikipasuka kwa jua, wananiletea mimi. Shule niliishia la saba, lakini kwenye kushona sioni wa kunifikia mji huu mzima, na hilo nalisema bila haya. Ningekuwa na haya kidogo, pengine kaka yangu angekuwa hai.

Yeye alikuwa dereva. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na baada ya baba kufariki ndiye aliyeninunulia cherehani ya kwanza. Basi akaja siku hiyo, gari limejaa vumbi, anatembea kama kuku mwenye yai.

"Mdogo wangu, makalio yanawaka moto," akasema. "Nitengenezee kitu cha kukalia."

"Umekalia siafu?"

"Acha utani. Ugonjwa wa kazi."

Ugonjwa wa kazi, kwa madereva wa Karatu, ni bawasiri. Wanaamini hivyo wote, hakuna anayebisha. Unakaa kutwa nzima juu ya joto la injini, barabara baada ya geti la hifadhi inakutikisa mpaka meno, na choo umekibana tangu alfajiri kwa sababu huwezi kuwaacha wageni na simba uende kuchuchumaa kichakani. Wana kikopo cha marhamu kinachozunguka kati yao kwenye maegesho ya lodji. Damu kidogo kwenye karatasi ya chooni? Ni barabara hiyo. Wanacheka, wanapeana marhamu, wanaondoka.

Nikampima. Si mzaha, nilimpima kwa futikamba akiwa amekaa kwenye benchi langu, nikachora kwa chaki. Nikakata sponji ngumu ya chini na laini ya juu, katikati nikatoboa tundu la mviringo, upana wa kikombe cha chai, nikavisha kitambaa, na pale cherehani isipofika nikashona kwa mkono. Akaenda nao Serengeti siku nne. Aliporudi alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo sisi Wairaqw hatulifanyi ovyo ovyo.

"Huyu ndiye fundi!" akapiga kelele gereji nzima isikie. "Hospitali ya nini?"

Tulicheka, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Baada ya hapo wakaanza kumiminika. Wa kwanza alikuwa rafiki mkubwa wa kaka, dereva mwenzake, mtu mnene na mcheshi kweli kweli, ambaye hata msibani lazima utamsikia. Alitaka tundu kubwa zaidi kwa sababu, alisema, yeye ana mali nyingi. Nikamshonea, nikawashonea wengine. Ukiona mto wenye tundu kwenye kiti cha dereva kati ya hapa na Serengeti, ujue umetoka kwangu, au umeigwa kwangu.

Miezi kama minane baadaye kaka aliurudisha mto wake. Sponji imelala, akasema, ongeza. Nikaongeza. Haikupita miezi mitatu akarudi tena, ongeza. Mara hiyo nilipovua kitambaa nikaona doa. Kitambaa kilikuwa cha kaki, na kuzunguka lile tundu kulikuwa na doa la kahawia lililokauka, na juu yake jingine jipya. Mimi nimefungua viti vilivyomwagikiwa kila kitu. Najua doa la soda, la mafuta, la mtoto aliyekojoa. Na hili nililijua.

Jamani, nisemeje? Sikumuuliza. Kaka mkubwa unamuulizaje habari za huko nyuma? Nilichofanya ni hiki: nilikitupa kitambaa kile, nikatafuta kingine cha rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea, ili doa lisionekane. Nilidhani namsitiri. Alipokuja kuuchukua akautazama mto, akanitazama mimi.

"Rangi nzuri," akasema.

"Haishiki uchafu," nikamjibu.

Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya kuhusu damu yake kwa karibu mwaka mzima.

Aliyevunja ukimya ni shemeji yangu, mke wake. Alinifuata karakana mchana, mikono ina udongo, ametoka kupalilia maharage.

"Shemeji, kaka yako anakwisha," akasema. "Suruali siku hizi anafungia kamba. Chooni anakaa mpaka uji unapoa. Na mashuka nafua mimi, si wewe."

Kumbe alikwishajaribu kumpeleka kituo cha afya pale mjini. Tabibu akamwambia kaka kwamba lazima ampime kwa kidole, kaka akapandisha suruali akatoka. "Mtu mzima na mvi zangu, nipimwe kidole?" Shemeji akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Hakusikia. Mwishoni yule mama aliapa kwamba atakwenda kusimama kwenye maegesho ya madereva wakati wa lanchi na kuwatangazia wote mume wake anavyolowesha mashuka. Hapo ndipo kaka alipokubali hospitali ya rufaa, na kwa sharti kwamba nimsindikize mimi na si mke wake.

Tukaenda, safari ya nusu siku, yeye amekalia mto wake. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo kama ya mtoto wa shule. Kaka alipomwona aliniangalia kana kwamba nimemsaliti. Lakini hapakuwa tena na kukimbia. Alipimwa kile kidole alichokuwa amekikimbia, akaingizwa kamera, akakatwa kinyama kidogo, akapigwa picha kwenye lile limashine linalogonga kama gereji. Tukaambiwa turudi kwa majibu.

Kwetu tumezoea daktari amwite ndugu kwanza, mnong'one pembeni, halafu mgonjwa mumdanganye kidogo. Huyu hakutaka. "Ugonjwa ni wake, aingie," akasema. Tukaingia wote wawili. Akamwambia kaka waziwazi, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba ana saratani kwenye sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, karibu na mlango wenyewe. Si bawasiri. Haikuwa bawasiri hata siku moja.

Kisha akageuza karatasi, akachora bomba linaloshuka, na chini yake pete nene.

"Hii pete ni msuli unaokusaidia kuzuia choo," akasema. "Uvimbe ukiwa juu huku, nakata juu yake na chini yake, natoa kipande, naunga. Ukiwa chini lakini haujaugusa msuli, bado najaribu. Nauvuta utumbo mpaka chini, naushona kwa mkono karibu kabisa na mlango, naupumzisha miezi michache kwa mfuko wa muda. Wako, mzee wangu, kidole hakikuingia hata nusu nikaugusa. Na picha inaonyesha umeshaushika msuli. Nikiubakiza msuli, nimebakiza saratani. Kwa hiyo natoa vyote. Napita tumboni, napita na chini, huku chini nafunga moja kwa moja. Choo kitatokea hapa."

Akagusa upande wa kushoto wa tumbo lake mwenyewe.

"Kwenye mfuko," akasema. "Maisha yote."

Alieleza pia kwamba kabla ya kisu kutakuwa na mionzi na dawa, wiki kadhaa, kuusinyaza uvimbe. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba tukianza sasa ana matumaini ya kuutoa wote.

"Na nisipokubali?" kaka akauliza.

"Utakufa nao."

Kaka akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba: "Dokta, mimi nabeba wageni. Tuko sita, saba ndani ya gari kutwa nzima, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Ninuke kinyesi mbele ya watu waliotoka Ulaya kuja kuona tembo?"

Daktari akasema mifuko ya siku hizi hainuki ikivaliwa vizuri, wapo watu wanafundisha nayo darasani, wanahubiri nayo. Kaka hakuwa anasikiliza tena. Tukatoka nje kwenye benchi la korido, akaukalia mto wake kwa kalio moja.

"Wewe ni fundi," akaniambia. "Niambie kweli. Haiungiki?"

Niliinuka nikarudi ndani kwa yule daktari, kichwa kimepanda moto. Mimi nikikasirika sina breki. Nikamwambia nafanya kazi ya kushona miaka mingi, naunga vitu ambavyo wengine wanatupa, na kwenye ukingo wa nusu kidole bado napitisha mshono. Kwa nini yeye ashindwe?

Hakukasirika. "Unashona nini?" akauliza.

"Leza, mara nyingi."

"Leza ikioza, unashona kwenye ule ukingo uliooza?"

"Hapana. Uzi utakata. Nakata kurudi nyuma mpaka niipate iliyo nzima."

"Na ukikata mpaka ukagota kwenye fremu, nzima hujaiona?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelitoa kwa wateja mara mia.

"Natoa kiti chote," nikasema.

"Basi umeshanijibu," akasema, akavuta faili la mgonjwa mwingine.

Nilitoka. Kutoka mlango ule mpaka kwenye benchi ni hatua kumi, na ndani ya hatua hizo kumi nilikuwa najua ukweli wote, kwa lugha ya kazi yangu mwenyewe, umenyooka kama rula. Kaka aliinua uso. Macho yale sitaki kuyaeleza. Na mimi, zaidi ya kumhurumia, nilikuwa nimeumia kwamba mwanamke mfupi amenishinda kwa maneno kwenye kazi ninayoijua. Yote mawili yalinisukuma, wala sitajifanya ilikuwa huruma tupu.

"Inaungika," nikamwambia. "Huyu hajiamini tu. Fundi mvivu hukata, fundi mzuri huunga. Tutafute mwingine."

"Nilijua," kaka akasema. Akaupiga mto wake vumbi, akauweka kwapani, tukaondoka.

Kilichofuata ni msimu. Anayeishi Karatu anajua maana yake. Juni ikifika mji unajaa magari, lodji hazina nafasi, dereva asiyeonekana msimu mmoja jina lake linafutwa kichwani mwa makampuni. Kaka akasema fundi mwingine tutamtafuta baada ya msimu. Daktari alimwita hivyo, fundi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuita hivyo. Muuguzi wa ile hospitali alipiga simu mara mbili kuuliza kwa nini hajaja kuanza mionzi. Mara ya pili simu ilipokelewa na shemeji, ambaye alinijia juu.

"Daktari alisema nini hasa?"

"Anatafuta namna ya kuunga," nikasema. "Mambo ya kitaalamu."

Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Kaka akaendesha Julai, akaendesha Agosti, Septemba pia, akimeza vidonge vya maumivu kama karanga. Mto nikauongezea sponji mara nne. Mara ya mwisho ulikuwa mnene kiasi kwamba ilibidi asogeze kioo cha katikati ili aone nyuma.

Mvua za vuli zilipoanza ndipo tulipokwenda kwa daktari mwingine, mji wa mbali zaidi, mwanamume mrefu mwenye sifa zake. Alipima, akapiga picha upya, akaomba barua ya hospitali ya kwanza. Akaisoma yote huku akitikisa kichwa, nikadhani anamkosoa mwenzake, moyo wangu ukafurahi. Loo! Akaikunja ile barua akasema kila kilichoandikwa humo ni sahihi, na yeye angefanya hivyohivyo. Lakini sasa hata hilo hawezi. Uvimbe umeng'ang'ania mfupa wa nyuma, na kwenye ini kuna mbegu zake.

"Mliambiwa mwanze lini?" akauliza.

Kaka akauchukua mto wake, tukatoka. Tulipokuwa njiani kurudi, tunapandisha mlima kuingia Rhotia, jirani na kwetu, akageuka kutoka dirishani.

"Kumbe yule mama daktari alikuwa fundi," akasema.

Wiki chache baadaye tumbo likajaa. Choo kikakata kabisa siku ya tano, ya sita, akawa anatapika vitu vya kijani. Tukamkimbiza kwa yule yule daktari mfupi, maana pengine pa kwenda hatukuwa napo. Hakutuuliza tulikuwa wapi. Alimpasua siku ileile, akatoka akiwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji, akaniita pembeni.

"Nimemfungulia njia tu," akasema. "Nimetoa utumbo nje upande wa kushoto ili choo kipite. Uvimbe nimeuacha ulipo. Hautoki tena."

Ni mimi niliyekuwa kando ya kitanda chake alipoamka. Mkono wake ulitambaa chini ya shuka, ukafika kushoto, ukasimama.

"Mfuko?"

"Ndiyo, kaka."

"Uvimbe wametoa?"

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu lile doa, nikamwambia ukweli. "Hapana."

"Kwa hiyo ninavyo vyote viwili."

"Vyote viwili, kaka."

Tukamrudisha Karatu. Muuguzi alikuwa ametufundisha namna ya kuubadilisha mfuko. Unasafisha ngozi kwa maji, unaikausha, halafu kuna kile kibandiko kinachoshika ngozini, ambacho lazima ukikate tundu sawasawa na ule utumbo uliochomoza. Likizidi, kinyesi kinaunguza ngozi. Likipungua, linabana. Kazi hiyo ikawa yangu. Nilikuwa natoka karakana saa nne na mkasi wangu mdogo wa leza, napima kwa kadi ya vipimo, nakata. Kaka ananitazama.

"Fundi wa matundu," ananiambia. Mama yetu mzazi, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua dengu, akacheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikacheka, na ukweli nilitaka kulia.

Na sikiliza jambo lililoniumiza kuliko yote: mfuko wenyewe haukuwa kitu. Wiki ya tatu alikuwa anaubadilisha peke yake, akipiga mluzi. Haukunuka. Alivaa shati lake la kazi juu yake, akaenda kanisani, akakaa katikati ya watu, hakuna aliyegeuka. Alikula makande, akaacha maharage tu kwa sababu ya gesi. Kilichokuwa kinammaliza ni kile kingine, kilichobaki ndani. Hicho kilimla usiku na mchana, na dawa za maumivu zilikuwa zinachelewa kukifikia.

Siku moja aliomba apelekwe kuiona kreta ya Ngorongoro. Alikuwa ameiona mara elfu, lakini sikuzote akiwa anaendesha, anahesabu muda, anawaza matairi. Alitaka kuiona akiwa abiria. Rafiki yake, yule dereva mcheshi, alikuwa na siku ya mapumziko, akaja na gari. Kaka tulimlaza kiti cha kati juu ya mito miwili, mimi nikakaa kando yake. Baada ya geti vumbi likawa kubwa, tukafunga madirisha yote. Mcheshi alipiga soga njia nzima, habari za mgeni aliyemuuliza nyumbu hulala wapi Jumapili. Msituni kukawa na ukungu, halafu ukungu ukafunguka, tukafika pale wanaposimama wote kutazama chini.

Kaka hakutazama chini. Alikuwa anatutazama sisi.

"Mmesikia harufu yoyote?" akauliza.

"Harufu ya nini?" mcheshi akasema. Hakuwa anajua habari ya mfuko. Miezi yote ile yeye, rafiki mkubwa, alikuwa amefichwa.

Kaka akafumba macho. "Kumbe ningeweza," akasema. "Njia nzima madirisha yamefungwa. Kumbe ningeweza kuendesha nacho hiki."

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia palepale, mbele ya rafiki yake: kwamba daktari alinieleza, kwamba nilimwelewa vizuri kuliko mtu yeyote ambaye angeweza kumwelewa, kwamba niliposema inaungika nilikuwa najua haiungiki. Nililia kama mtoto, makamasi na yote. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniambia nilichotaka," akasema. "Lakini wewe ndiye uliyepaswa kuninyima."

Alipotaka kushuka, mcheshi alitoka kiti chake kuja kumshika mkono, na kaka akakiona kile kiti cha dereva kilivyobaki wazi. Akauona mto wenye tundu.

"Wewe," akamwambia rafiki yake. "Unatoka damu?"

"Aa, kidogo tu. Si unajua barabara hii."

Kaka akafungua shati. Pale, upepo unavuma, magari mawili ya wageni yamesimama, akafungua vifungo vyote akauonyesha mfuko, una uchafu wake ndani, kitu alichokuwa amekikimbia kwa gharama ya roho yake. Mama mmoja wa kizungu akageuza uso. Madereva wengine wakageuka kutazama.

"Umeona?" kaka akasema. "Nilichokikimbia ni hiki. Hiki tu, ndugu yangu. Nenda kapimwe. Wakisema kidole, kubali kidole. Wakisema mfuko, kubali mfuko."

Mcheshi alilia. Nilimwona kwa macho yangu, mtu yule ambaye hata msibani halii, akamshika kaka mabega na kuapa kwamba Mungu ni shahidi, keshokutwa anakwenda.

Kaka alifariki wiki tatu baada ya hapo, asubuhi, mama akiwa anamkoroga uji. Tulimzika shambani, juu kidogo ya mahindi. Madereva walikuja na magari yao, foleni kutoka barabara kuu mpaka nyumbani, na mcheshi ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele.

Mwezi umepita. Nimerudi karakana kwa sababu nyumbani siwezi kukaa. Juzi mchana nasikia gari linasimama, natazama, ni yeye. Nilijua amekuja kuniambia amekwenda, na nilikuwa tayari nimeinuka kumpokea. Akashuka taratibu, anatembea kama kuku mwenye yai, mto wake uko kwapani.

"Fundi, imelala hii," akasema. "Niongezee sponji kidogo. Na kitambaa unibadilishie, niwekee kile cha damu ya mzee, kama cha marehemu. Hakishiki uchafu."

"Ulikwenda?" nikamuuliza.

"Nitakwenda. Msimu ukiisha tu."

Sikumbuki yote niliyomtukana. Nakumbuka niliutupa mto barabarani, na watu wa gereji walitoka kuangalia. Yeye aliuokota, akaupiga vumbi, akasema, "Pole na msiba, fundi," akaingia garini.

Kuna fundi mwingine chini kule, karibu na soko, aliyeiga kipimo cha mto wangu zamani. Asubuhi hii nilikuwa nafungua mlango wa karakana nikaliona gari la mcheshi likipanda kuelekea geti, wageni wamejaa. Alinipigia honi kunisalimia. Alikuwa amekaa juu zaidi kidogo kuliko juzi.